Sanduku la Ondina

Usianze na viatu, Ondina. Viatu hudanganya.
Anza na shali, ile ya sufu, rangi ya jivu,
maana ndani ya meli hizo za kifahari
huwasha viyoyozi kana kwamba wanahifadhi samaki,
na mwanamke aliyekuja mezani mabega wazi
hunywa supu yake meno yakigongana.
Najua. Sijawahi kupanda, lakini najua.
Miaka thelathini na minane nimepiga magoti
nikikunja pindo za wanawake wa Trieste wanaosafiri,
na mwanamke akishasimama kwenye kigoda,
pini zimemzunguka kiunoni,
husema yote.

Bi Marchesich alirudi na nusu ya gauni.
Hariri ya dhahabu, mkia mita moja na nusu:
lifti ilifunga mlango, ikapanda nao.

Suruali mbili za kitani. Nyeupe, kama huogopi kahawa.
Blauzi nne. Ukitaka ya tano, toa kitu,
chumba chenu kina kabati jembamba kama ungamo la padri.
Chenu, nasema. Chetu. Bado sijazoea.

Vazi la kuogelea, ndiyo. Nimesema ndiyo!
Miaka sitini na saba si upele.
Nimelishona mimi, limekaza panapotaka kukazwa,
na ukipita ukumbini tupia kanzu nyepesi juu,
wasomaji wa magazeti hawapendi kudondoshewa maji.

Raba za sitahani, soli isiyoteleza.
Kisigino cha vidole viwili kwa usiku.
Vile vyekundu virefu vibaki hapa;
bahari ikigeuka ubavu
utakuwa umesimama juu ya misumari miwili.

Dawa ya kichefuchefu mkobani, si sandukuni,
pamoja na chupi ya kubadilisha na mswaki:
mizigo huingia melini kwa njia yake
na hubisha hodi chumbani jioni, ikijisikia.

Fulvia wa ghorofani amekuletea gauni lake la vimetameta.
Mrudishie, na keki juu ya sahani.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo,
na yake haisitiri hata bila kuazimwa.

Nyeusi?
Nyeusi umeivaa miezi kumi na mmoja.
Livio hakukununulia bahari ukaivalie nyeusi.
Alizificha tiketi chini ya betri za tochi,
mbili, jina lake na lako,
na yule kijana wa ofisi ya bandari alipolifuta la kwake
akaandika langu palepale,
herufi moja zaidi.

Ulidhani sikuona jana
ukilisukuma koti lake la karamu chini ya taulo?
Koti la mwanamume, sandukuni, la kukumbatia gizani.
Nililichukua. Usinipigie kelele, kaa kwanza.
Usiku kucha bora ilikuwa inatikisa madirisha
nami jikoni nafumua, nafumua.
Mabega nimeyapunguza vidole vitatu kila upande,
mikono nimeikata, kiuno nimekitafuta nikakipata.
Mfuko wa ndani sikuugusa.
Kuna kitu humo, kinakwaruza kama karatasi.
Si changu kukitoa.

Livae usiku wa nahodha,
juu ya suruali ya hariri, bila mkufu.
Wacha wengine wang'ae kama vinara.
Watakuuliza nani fundi wako.
Nitakuwa nimekaa kando, nakula.

Mimi? Begi dogo. Gauni la buluu, lile la harusi ya mpwa wetu,
viatu bapa, kofia yenye kamba ya kidevuni,
sindano, na nyuzi za rangi sita,
maana usiku wa pili, weka alama maneno yangu,
kuna mtu atakanyaga pindo lake kwenye ngazi.

Haya. Njoo ukalie sanduku.
Hapana, upande huu.
Nivute zipu.